Tipu ni hela yako, bosi ni mpitishaji tu

Napokea meseji nyingi sana kutoka kwa ndugu zetu wanaofanya kazi migahawani, hotelini na kwenye baa huku Uingereza, na karibu zote zinauliza kitu kile kile kwa maneno tofauti: bosi anaruhusiwa kukata tipu? anaruhusiwa kuzikalia miezi? anaruhusiwa kutotuambia zimeingia ngapi? Jibu la yote matatu ni hapana, na hiyo hapana imeandikwa kwenye sheria, ina tarehe, ina muda wa mwisho wa kulipa, na ukinyimwa kuna mahakama ya kwenda. Nimeona bora niandike yote sehemu moja kuliko kila siku kujibu mtu mmoja mmoja usiku baada ya shifti.

Mimi mwenyewe nilianza kama mhudumu wa mezani, na sasa hivi ndo ninayeandaa masaa ya wenzangu kabla hayajaenda kwa mhasibu, kwa hiyo hii kitu nimeiona kutoka pande zote mbili, upande wa kushika sinia na upande wa kushika kalkuleta. Na kitu ninachotaka kila mtu aelewe kabla ya kingine chochote ni kwamba tipu haijawahi kuwa zawadi ya bosi kwako. Mteja amekupa wewe na wenzako. Bosi inapita tu mkononi mwake kwa sababu mashine ya kadi ni yake.

Hapo kwenye mashine ya kadi ndo palipokuwa na shida miaka yote. Zamani wateja walikuwa wanaacha noti na sarafu mezani, na hela taslimu ukiachiwa wewe ilikuwa yako kisheria. Lakini watu walivyohamia kwenye kadi ile hela ikawa inaingia kwenye akaunti ya biashara, na kisheria ikawa ni mali ya biashara, mwenye mgahawa anaweza kukugawia au akabaki nayo na usiwe na pa kumshtaki. Sehemu moja niliyofanya kazi walikuwa wanakata asilimia kwenye kila tipu ya kadi, wanaita gharama za ofisi, na ukiuliza unaambiwa ndivyo ilivyo, na kweli kwa wakati ule ndivyo ilivyokuwa! Serikali ilianza kukusanya maoni kuhusu haya mambo mwaka 2015 baada ya malalamiko kuwa makubwa, sheria yenyewe ikaja kupita Mei 2023, na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Miaka yote hiyo, hebu fikiria ni hela kiasi gani ya wahudumu na wapishi ilipotelea humo katikati.

Sheria hiyo ya mgawanyo wa tipu inahusu England, Uskoti na Wales. Ireland ya Kaskazini haimo, kwa hiyo kama uko Belfast haya mengi ninayoandika kuhusu tipu hayakuhusu, ingawa ya kima cha chini cha mshahara yanakuhusu kama kawaida.

Na tuanze hapo hapo kwenye mshahara, kwa sababu watu wanaruka hii hatua na ndo wanapopigwa. Mshahara unakuja kwanza, tipu inakuja juu yake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2009 mwajiri haruhusiwi kabisa kutumia tipu kufikisha kima cha chini. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini kwa mtu wa miaka 21 kwenda juu kilikuwa paundi 12.21 kwa saa, na Aprili 2026 kikapanda hadi paundi 12.71. Hiyo hela lazima itoke mfukoni mwa biashara, mgahawa uwe umejaa au uwe mtupu. Kwa hiyo mtu akikwambia "sisi tunalipa paundi 10 kwa saa lakini tipu hapa ni nzuri, utafika tu", huyo anakwambia wazi kabisa kwamba anavunja sheria, na wala usianze kujadiliana naye.

Kuna ile ya pili ambayo ni ya ujanja zaidi na haivunji sheria waziwazi, matangazo ya kazi yanayosema paundi 15 kwa saa "pamoja na tipu". Ukilisoma haraka unaona 15, unaacha kazi yako ya zamani, unaenda. Ukifungua mkataba unakuta mshahara ni kile kile kima cha chini, na zile paundi mbili na ushee zilizobaki ni makadirio ya tipu za mwezi ambao biashara ilikuwa inaenda vizuri. Mwezi mbaya ukija hakuna anayekufidia. Mimi nawaambia wote wanaoniuliza, kabla hujasaini uliza swali moja tu, mshahara wa mkataba bila tipu ni ngapi kwa saa? Akizunguka zunguka bila kutaja namba, ushaelewa.

Sasa tipu yenyewe. Sheria inasema mwajiri agawe tipu ZOTE kwa wafanyakazi. Zote maana yake zote, hakuna cha kukata gharama ya mashine ya kadi wala gharama ya mhasibu, hata ya karatasi za risiti hapana. Kinachoruhusiwa kukatwa ni kile ambacho sheria yenyewe inataka kikatwe, yaani kodi yako na michango yako ya Bima ya Taifa (National Insurance) pale inapohusika, basi. Kuna mdogo wangu mmoja aliniandikia juzi juzi, "dada, wanasema benki inachukua asilimia mbili kwenye kila malipo ya kadi kwa hiyo na sisi tunakatwa asilimia mbili kwenye tipu, ni sawa?" Si sawa mdogo wangu. Benki inamkata mwenye mgahawa kwa sababu yeye ndo ana mkataba na benki, na hiyo ni gharama ya kufanya biashara kama kodi ya pango.

Vile vile sahani zilizovunjika. Na mteja aliyekula akatoroka. Na kaunta iliyokuja na upungufu jioni. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoruhusiwa kutolewa kwenye kapu la tipu. Kwenye mshahara kuna utaratibu wake, na ni mkali kuliko mabosi wengi wanavyodhani: lazima uwe umekubali kwa maandishi kabla, na kwa kazi za kuhudumia watu kama zetu upungufu wa kaunta au wa bidhaa hauwezi kukatwa zaidi ya asilimia 10 ya mshahara wako wa kipindi kile kabla ya kodi, isipokuwa ule mshahara wa mwisho ukiwa unaondoka. Na juu ya yote hayo makato yakikushusha chini ya kima cha chini kwa kawaida mwajiri kashavunja sheria nyingine, isipokuwa ni kwa kitu ulichofanya ambacho mkataba wako unasema unawajibika nacho, kama upungufu wa kaunta. Kwa mtu anayelipwa kima cha chini kamili, ambao ndo wengi wetu, maana yake ni kwamba nje ya hapo kwa kawaida hakuna nafasi ya kumkata kitu, kwa hiyo soma mkataba wako. Sare pia ziko humo humo, akikulazimisha ununue shati na viatu vya aina fulani kwa hela yako, ile hela inahesabiwa kama imepunguza mshahara wako.

Watu wananiuliza pia ni nini hasa kinaitwa tipu. Tipu ya kadi ni tipu. Ile sevisi chaji inayowekwa kwenye bili, iwe ya lazima au ya hiari, nayo inahesabiwa humo humo na ni yenu, hata kama bosi ameiandika kwa jina lingine la kisomi. Tipu inayoingia kwa simu, mteja akiskani ule mraba wa QR mezani, nayo ni hivyo hivyo. Hela taslimu inategemea: ukipewa mkononi na kwenu utaratibu ni kila mtu na yake, bosi haingilii, basi ni yako moja kwa moja na hii sheria haiigusi. Lakini kama utaratibu ni kwamba hela taslimu zote ziwekwe kwenye kopo la kaunta halafu meneja anazigawa, hapo bosi ameshazidhibiti, na akishazidhibiti anawajibika nazo kama za kadi. Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba tipu zinabaki kwenye tawi zilikopatikana. Kampuni yenye matawi kadhaa haiwezi kuchukua sevisi chaji ya tawi linalojaa ikapoze tawi linalosuasua.

Haya, mgawanyo. Hapa ndo penye ugomvi wa kweli na nataka nikae kidogo, kwa sababu sheria haikutoa fomula. Imesema tu mgawanyo uwe wa haki na uwe wazi, halafu kuna mwongozo rasmi wa serikali unaotaja vitu vya kuangalia: aina ya kazi, mshahara wa msingi wa mtu, masaa aliyofanya, utendaji wake na wa timu, cheo na muda aliokaa, na pia mteja alikusudia nini. Mahakama ikija kuamua inauangalia huo mwongozo. Haki kwenye hii sheria haimaanishi lazima kila mtu apate sawasawa, inamaanisha ukiulizwa kwa nini huyu kapata zaidi uwe na sababu inayosimama.

Chukua mfano mdogo wa kubuni. Kapu la wiki lina paundi 600. Wahudumu wawili wamefanya masaa 40 kila mmoja, mpishi 40, muosha vyombo 30. Jumla masaa 150. Ukigawa kwa masaa tu kila saa ni paundi 4, kwa hiyo wahudumu na mpishi wanapata 160 kila mmoja na muosha vyombo 120. Sasa aje meneja aseme hapana, sisi tunatumia pointi, mhudumu pointi moja kwa saa, mpishi robo tatu, muosha vyombo nusu. Hesabu inabadilika: 80 za wahudumu, 30 za mpishi, 15 za muosha vyombo, jumla pointi 125, kila pointi paundi 4.80. Wahudumu wanapanda hadi 192 kila mmoja, mpishi anashuka 144, na yule wa kwenye sinki anabaki na 72. Kapu ni lile lile, wiki ni ile ile, na mtu mmoja amepoteza karibu paundi 50 kwa sababu ya namba mbili tatu ambazo mtu mwingine aliziandika kwenye kompyuta.

Nimewahi kukaa na hizo namba usiku na najua zinavyoumiza. Kwa mtazamo wangu masaa yawe ndo msingi, na kama unaongeza uzito kwa kazi fulani basi tofauti iwe ndogo na sababu yake iandikwe pale kila mtu aione. Wahudumu watasema sisi ndo tunaosimama mbele ya mteja, sisi ndo tunaotukanwa, na ni kweli. Lakini mteja aliyeacha tipu alikula chakula kilichopikwa na mtu, kwenye sahani iliyooshwa na mtu, na kama mpishi analipwa paundi kadhaa zaidi kwa saa kuliko mhudumu hiyo ni sababu ya halali ya kumpa pointi pungufu, wakati muosha vyombo analipwa kima cha chini kama mhudumu, sasa huyo nusu pointi yake inatoka wapi? Mara nyingi hakuna jibu. Mara nyingi ni kwa sababu hajui Kiingereza vizuri na hajawahi kuuliza. Na hapo ndo mwajiri anajiingiza pabaya, maana ukiangalia nani yuko kwenye sinki na nani yuko ukumbini, nani anafanya shifti fupi kwa sababu ana watoto, unakuta mgawanyo umewabagua watu wa jinsia moja au wa asili moja bila mtu kutamka neno, na hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Wafanyakazi wa wakala nao wamo. Hii wengi hawaijui kabisa, na ndugu zetu wengi wanaanzia kwa wakala. Ukiletwa kusaidia harusi hotelini Jumamosi na sevisi chaji ya siku ile ikagawanywa, wewe uhesabiwe kwenye mgawanyo, haiwezekani uambiwe "nyie ni wa wakala haiwahusu". Na mwenye mkataba usio na masaa ya uhakika yumo pia.

Kuna sehemu zinatumia kitu kinaitwa tronki. Ni mfuko wa pamoja wa tipu unaosimamiwa na mtu ambaye si mwajiri, anaweza kuwa mmoja wa wafanyakazi au mtu wa nje, na yeye ndo anaamua nani anapata nini. Faida yake ni ya kihela kabisa: tronki ikiwa huru kweli, tipu zinazopita humo zinakatwa kodi ya mapato lakini hazikatwi michango ya Bima ya Taifa. Zikipita moja kwa moja kwa mwajiri bila tronki zinakatwa vyote viwili, na mchango wa mfanyakazi kwa wengi wetu ni asilimia 8, wa mwajiri tangu Aprili 2025 ni asilimia 15. Kwa hiyo kwenye paundi 100 ya tipu wewe unaokoa 8 na bosi anaokoa 15, ndo maana mabosi wanaipenda tronki. Ila uhuru wenyewe lazima uwe wa kweli. Kama mwenye mgahawa ndo anayemwandikia msimamizi mgawanyo uweje, HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya huku, wakija kukagua watasema hii si tronki, na michango inadaiwa. Na ule mchango wa mwajiri haruhusiwi kuurudisha kwenu kwa kuukata kwenye tipu, ni wake alipe mwenyewe.

Kwenye slipu ya mshahara utaona mistari miwili, mshahara wa msingi na chini yake tronki au tipu. Angalia masaa yaliyoandikwa (tangu Aprili 2019 mwajiri analazimika kuonyesha masaa kama malipo yako yanategemea masaa), gawanya mshahara wa msingi peke yake kwa hayo masaa, bila ule mstari wa tipu. Ukipata chini ya kima cha chini cha umri wako, una dai. Fanya hiyo hesabu leo, simu yako ina kalkuleta.

Halafu kodi. Tipu zinatozwa kodi ya mapato, hata zile za taslimu ulizopewa mkononi, tofauti ni kwamba hizo za mkononi ni jukumu lako wewe mwenyewe kuwaambia HMRC. Sisemi hivi kumtisha mtu, nasema kwa sababu wengi wanadhani taslimu haionekani, kisha wanakuja kuomba mkopo wa nyumba au kufungua faili la viza na kipato chao kwenye karatasi ni kidogo kuliko maisha wanayoishi.

Muda wa kulipa. Tipu lazima ikufikie kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata ule mwezi mteja aliotoa. Mteja akiacha tipu tarehe 3 Julai, mwisho ni tarehe 31 Agosti. Kwa hiyo zile habari za tunawakusanyia mpaka Krismasi ndo tunawapa, hata kama zinasemwa kwa tabasamu, haziruhusiwi.

Na kuna haki moja ambayo naona watu hawaitumii kabisa, ya kuomba rekodi. Mwajiri analazimika kutunza rekodi ya tipu zote na jinsi zilivyogawanywa kwa miaka 3. Wewe unaweza kumwandikia ukaomba, kwa kipindi chochote ulichofanya kazi pale ndani ya hiyo miaka 3, ombi moja kila miezi 3, na yeye ana wiki 4 za kukujibu. Anatakiwa akuonyeshe tipu zilizoingia pale mahali pako pa kazi ni jumla ngapi na wewe ulipewa ngapi. Iandike kwa imeili, si kwa mdomo, na usiandike kwa hasira. Weka jina lako, kituo chako cha kazi, kuanzia mwezi gani mpaka mwezi gani, sema unaomba rekodi ya jumla ya tipu na kiasi ulichogawiwa wewe chini ya sheria ya tipu ya 2023, weka tarehe, basi. Mistari minne. Mtu mmoja wa huku kwetu aliogopa wiki nzima kuituma ile imeili, alipoituma meneja akamwita, akamwonyesha jedwali lote, wakakuta masaa yake ya Jumapili hayakuwa yanaingizwa kabisa kwenye mgawanyo kwa sababu mtu alikosea safu. Akalipwa. Hakukuwa na vita yoyote, ila bila ile imeili asingelipwa mpaka leo.

Kama hawajibu au wanajibu upuuzi, hatua inayofuata ni Acas, shirika la kusuluhisha migogoro ya kazi, ni bure, unawajulisha wanajaribu kuwapatanisha, na isipowezekana unaenda mahakama ya kazi. Kwa dai la kutogawiwa tipu kwa haki una miezi 12. Kwa dai la mwajiri kutokuwa na sera ya tipu iliyoandikwa au kukunyima rekodi muda ni mfupi zaidi, miezi 3, kwa hiyo usilale. Mahakama inaweza kuamuru mgawanyo ufanywe upya na kukufidia hasara hadi paundi 5,000. Na kukufukuza kazi kwa sababu umedai haki yako ya kisheria ni kufukuzwa isivyo haki, huhitaji uwe umefanya kazi miaka ndo uweze kulalamika kuhusu hilo.

Wenye ndugu Marekani wananiambia huku kwenu mna raha, na kwenye hili la mshahara nakubaliana nao. Kule sheria ya shirikisho inaruhusu kitu ambacho huku hakiruhusiwi, mwajiri kumlipa mfanyakazi wa tipu dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, na tipu zijazie dola 5.12 zilizobaki kufika kima cha chini cha shirikisho cha dola 7.25, ambacho nacho hakijapanda tangu 2009. Tipu zisipofika, mwajiri anatakiwa ajazie yeye, na ndo hapo wengi wanapodhulumiwa kwa sababu hawajui kwamba wanatakiwa kujaziwa. Kuna majimbo saba, California, Nevada, Oregon, Washington, Alaska, Montana na Minnesota, ambayo yamekataa huo utaratibu, kule unalipwa kima cha chini kamili cha jimbo kwanza halafu tipu juu. Lakini kuna kitu kimoja wametushinda: tangu 2018 sheria yao inakataza mwenye biashara, meneja na msimamizi kuchukua tipu za wafanyakazi. Huku meneja hajakatazwa moja kwa moja, anaweza kuwemo kwenye mgawanyo mradi uwe wa haki. Mimi ningependa tukopi hiyo ya kwao. Mtu anayepanga namba za mgawanyo asiwe anajipangia na yeye mwenyewe fungu humo humo, au kama yumo basi fungu lake liwe la kwanza kuonyeshwa kwa kila mtu. Kwangu nimeomba hivyo na ndivyo tunavyofanya.

Sasa nyie mliofungua sehemu zenu, na najua mko wengi mnasoma hapa, hii sheria haina msamaha kwa biashara ndogo. Uwe na wafanyakazi wawili au mia mbili, kama tipu zinaingia mara kwa mara lazima uwe na sera iliyoandikwa na kila mfanyakazi aweze kuisoma. Haihitaji wakili. Ukurasa mmoja unatosha, sema kama mnapokea tipu na kwa njia zipi, sema nani wamo kwenye mgawanyo, sema unagawa kwa kigezo gani na kwa nini, sema zinalipwa lini, na sema mtu mwenye lalamiko amwendee nani. Uibandike chumba cha stafu na umpe kila anayeanza kazi pamoja na mkataba wake. Na usiiandike peke yako ofisini, kwa sababu sheria mpya ya haki za ajira iliyopita Desemba 2025 inaongeza wajibu wa kushauriana na wafanyakazi kabla ya kuweka sera na kuipitia upya angalau kila miaka 3, kwa hiyo ukianza sasa hivi kukaa nao mezani utakuwa umejiokoa. Waulize jikoni kabla hujauliza ukumbini, maana wa ukumbini watakuja wenyewe.

Najua margini ni ndogo, najua umeme umepanda na michango imepanda, nazijua hizo ankara kwa sababu zinapita mbele yangu. Lakini tipu si sehemu ya kuzibia. Ukiona hesabu zako hazikai bila kugusa tipu basi tatizo liko kwenye bei au kwenye kodi ya pango, na huko ndo pa kwenda kulitatua.

La mwisho kwa mnaohama kazi mwezi huu, maana mmeniuliza wengi: ukiacha kazi tipu zako haziachi na wewe. Ulizofanyia kazi mpaka siku ya mwisho ni zako, na ule muda wa mwisho wa mwezi unaofuata unakuhusu hata kama umeshakabidhi sare na funguo za loka. Omba rekodi kabla ya siku yako ya mwisho, ukiwa bado unayo imeili ya kazini, na hifadhi nakala ya ratiba za shifti ulizofanya. Piga picha tu ile ratiba ya ukutani kila wiki kabla hawajaibandua.